Maduka ya alamu za gari hapa Nakuru mnatuibia kabla hata mwizi hajafika

Nataka mtu mmoja tu anieleze, inawezekanaje duka likuchukulie elfu nane, liingize mavitu chini ya dashibodi yako haraka haraka, halafu ukirudi kulalamika unaambiwa ati gari yako ndio mbaya. Hii ni Toyota Fielder, na haikuwa na shida yoyote ya umeme mpaka siku hao watu walipoigusa. Jina la duka sitaji, sitaki kesi, lakini wenye wamepitia hapo wanajua.

Wacha nianze na kelele. Nduthi (pikipiki) ikipita na ile egzosi ya kutobolewa, alamu inalia. Lori ikipunguza gia huko barabarani, inalia. Na mvua ya Nakuru mnaijua, ikianza kugonga paa saa nane usiku hiyo saireni inapiga mpaka mama wa ploti anatoka na leso kuniuliza, "Baba Shiko, hiyo gari yako inataka nini?" Nikarudi dukani, kijana akaniambia ndio vizuri, inaonyesha inafanya kazi. Ati inafanya kazi! Kumbe shoki sensa, kile kifaa kinachosikia gari ikigongwa, iko na kaskrubu kadogo ka kupunguza ukali, unazungusha na bisibisi pole pole huku unagonga kioo na ngumi kujaribu, basi imeisha, lakini wakati wa kufunga hakuna aliyejisumbua. Na yenyewe walikuwa wameibandika na tepu kwenye plastiki ya dashi badala ya kuikaza kwa chuma cha bodi, kwa hivyo plastiki ikitetemeka nayo inadhani kuna mtu. Sasa siku wezi walipokuja kung'oa saidi mira ya kushoto, hakuna aliyetoka nje. Sijui kama ililia ama haikulia, mtaa mzima ulikuwa umeshaizoea.

Halafu betri. Gari ikikaa wikendi na Jumatatu na Jumanne bila kutembea, Jumatano ni kutafuta mtu wa kunijampu. Duka likasema ninunue betri mpya, na bahati nzuri wao pia wanauza betri, unaona hiyo hesabu? Nikapeleka kwa mzee mmoja fundi wa waya huko mtaa wa Shabab, akatoa waya hasi, akaweka mita katikati, akangoja gari ilale kwanza, ikasoma miliampia 180. Akachomoa fyuzi ya alamu, ikashuka chini ya 30. Gari nyingi za kawaida zikilala zinakula kati ya 20 na 50, na hapo alamu iko ndani. Sasa 180 kwa masaa 24 ni zaidi ya ampia-saa 4 kila siku, na betri yangu ni ya ampia-saa 40, ikifika nusu stata inaanza kukataa kuzunguka. Siku tano tu. Hakuna betri mpya itatibu hiyo, utanunua mpya kila msimu wa mvua na wao watakuuzia wakitabasamu.

Lakini kitu kilinifanya niandike haya ni kat-auti, ile swichi ya alamu inayokata umeme ili mwizi asiondoke na gari. Hawa watu kat-auti yao wameiweka kwenye waya ya pampu ya mafuta. Sikuulizwa. Nikapanda na familia kwenda Kericho, tumefika pale Sachang'wan, mlima, matrela nyuma yangu na mbele yangu, gari ikazima. Wenye wanapita hiyo barabara wanajua hapo si mahali pa kuzimikiwa. Injini ikizima stelingi inakuwa nzito, breki nayo inakubali mara mbili tatu, halafu ile nguvu iliyobaki kwenye busta (kifaa cha kurahisisha breki) ikiisha unakanyaga na nguvu zako zote. Mungu tu. Yule mzee alipofungua alikuta rilei (kiswichi kinachoendeshwa na umeme) ya bei ya chini imeungua miguu, na waya zimesokotwa na vidole zikafungwa tepu ambayo ilishaanza kuteleza kwa joto. Hakuna hata kiungo kimoja kimechomewa na risasi, ile ya fundi ya kuyeyusha! Kat-auti inafaa ikae kwenye waya ya stata, kwa sababu hapo hata rilei ikifa gari inakataa kuwaka ukiwa nyumbani, haikuzimii ukiwa kwa mlima. Yenye inakata mafuta gari ikitembea ni mambo ya treka (kifaa cha kufuatilia gari) na watu wanaojua wanachofanya, na hata hao wanafaa wangoje gari isimame.

Rimoti sasa. Kuna jaribio rahisi sana na sielewi kwa nini watu hawalijui. Enda kwa wale vijana wanakopi rimoti za geti, wape rimoti yako ya gari. Wakiikopi na hiyo kopi ifungue gari, jua alamu yako inatuma namba ile ile kila ukibonyeza, na mtu yeyote aliyekaa karibu nawe kwa parking na kifaa kidogo anaweza kuidaka. Yangu ilikopiwa kabla sijamaliza kunywa soda. Nzuri ni ile inayobadilisha namba kila mara, kama zile za KeeLoq. Najua mtu atakuja hapa kuniambia KeeLoq watafiti wa Ujerumani waliivunja 2008, sawa, lakini mwizi wa saidi mira wa mtaa wa Section 58 hana maabara.

Na hata hiyo haizuii ile ya kujam, ambapo mtu anarusha mawimbi wakati unafunga na gari haisikii kabisa. Shemeji yangu Kisumu alipoteza laptopu hivyo kwa parking ya supamaketi, alibonyeza akitembea bila kuangalia nyuma. Angalia indiketa ziwake, vuta mlango. Bure kabisa.

Sasa bima. Nyingi zinakukata pesa zaidi gari ikiibiwa bila kifaa cha kuzuia wizi, kwa hivyo wanataka karatasi ya aliyefunga. Unajua risiti yangu imeandikwa nini? "Vifaa vya gari." Basi. Hakuna modeli, hakuna namba, hakuna sahihi. Waranti ni ya boksi la alamu peke yake, mwaka mmoja, na boksi halijaharibika hata kidogo, iliyoharibika ni kazi yao na hiyo haina waranti.

Kwa hivyo msiniambie ninunue gani, hizo boksi zote nimeziona. Niambieni nani anafunga. Awe Nakuru, Njoro, Gilgil, hata Kisumu nitakuja. Awe anachomea waya na risasi, anaweka swichi ya boneti (yangu haikuwekwa, mtu anafungua boneti anatoa betri na saireni inakufa), saireni iwe na betri yake ndani, ile swichi ya siri ya kuzima alamu asiifiche pale pale chini ya stelingi kwenye kila mwizi anaanza kupapasa, apime miliampia mbele yangu kabla nilipe, na aandike kwa risiti kwamba kazi ni yake. Kama ni wewe mwenyewe fundi, sema bei hapa hapa, mambo ya "njoo inbox" sitaki.