Mjadala: Majibu ya kipimo cha pua, mgonjwa aonyeshwe au la?

Mkunazi: Wadau, nilinyooshwa ukuta wa kati wa pua. Wiki ya sita nikavalishwa barakoa ya kupimia upepo, nikavuta pumzi puani kwa nguvu. Daktari akaandika, akasema tuonane mwezi ujao. Usiku ule pua iliziba kuliko kabla ya upasuaji, nikaamini mambo yameharibika. Mwezi uliofuata daktari mwingine akanionyesha: kabla ilikuwa lita 70 kwa dakika, wiki ile ya sita ilishafika 110. Nilitoka pale napumua! Je, kuonyeshwa majibu si sehemu ya tiba?

Nesi Mstaafu: Pole mwanangu. Ila namba ya upepo na hisia ya pua haviendi pamoja kila mara. Mentholi haipanui njia, inaamsha neva za ubaridi tu, na mtu anaapa pua imefunguka. Tena matundu hupokezana kuvimba kila baada ya saa kadhaa. Ukimpa mtu namba mbaya kabla uvimbe haujaisha, umemwongezea maradhi. Na wagonjwa wetu wengi namba hawazielewi.

Mwalimu wa Hesabu: Hawazielewi? Nimefundisha hesabu miaka 22. Nilipoomba majibu yangu niliambiwa "hayo ya kitaalamu, mzee". Mtu anayesoma yuniti za LUKU na kupiga hesabu za kikoba atashindwa 70 na 110?

Nesi Mstaafu: Sikukulenga wewe, mwalimu.

Mwalimu wa Hesabu: Umelenga wanafunzi wangu wote.

Tundu la Kushoto: Mimi namba ilitoka nzuri, na bado nalala mdomo wazi. Daktari akanionyesha kioo cha kompyuta kana kwamba ndicho kinachopumua. Nilijiona mwongo.

Kipanga: Tatizo ni Kiingereza! Mama alilia siku mbili kwa herufi tatu za kwenye cheti, DNS. Kumbe ni ukuta wa pua uliopinda.

Binti Likoni: Huku Kenya Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, inapowezekana kwa lugha anayoielewa. Mimi sijaelezwa hata mara moja.

Mwalimu wa Hesabu: Waseme basi Kiswahili wanakijua, hawataki tu.

Nesi Mstaafu: Tuliwaeleza kwa Kiswahili miaka yote, wagonjwa 60 kwa siku, wauguzi wawili. Usituvunjie heshima.

Mkunazi: Jamani, swali langu…

Nesi Mstaafu: Mwanangu, yapo maswali matano yaitwayo NOSE, ya mwaka 2004: unazibwa kiasi gani, unalalaje, ukifanya kazi nzito unapumuaje. Alama ni 0 hadi 100. Mgonjwa ajibu hayo kwanza, ndipo aonyeshwe namba. Ukianza na namba, atajibu kwa namba.

Mwalimu wa Hesabu: Kwa hiyo unakubali aonyeshwe?

Nesi Mstaafu: Nimesema "ndipo". Soma.

Kipanga: Na DNS kwenye cheti waandikeje?

Binti Likoni: "Ukuta wa pua umepinda." Maneno manne tu.