Miaka 67, goti la kulia, kilomita 780 hadi Santiago: naomba ushauri

BiSafari67
Wadau, habari zenu. Nakusudia kutembea njia ya hija ya Mtakatifu Yakobo huko Hispania, ile ya Camino Francés, kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa mpaka Santiago de Compostela. Sasa ni Machi, nataka kuanza safari Septemba. Nina miaka 67. Goti la kulia linauma nikishuka ngazi, nikipanda haliumi. Natumia vidonge viwili vya presha, kimojawapo ni cha kuongeza mkojo. Kilomita 6 natembea bila shida. Nimepanga siku 32 na begi la kilo 11. Mpango huu utakwama wapi?

Fimbo_Mbili
Shikamoo mama. Utakwama kwenye hesabu ya siku. 780 ukigawa kwa 32 ni zaidi ya kilomita 24 kila siku, bila hata siku moja ya kupumzika. Moyo na mapafu huzoea mwendo ndani ya wiki chache, lakini kano huchukua miezi, na umri ukisogea huchukua muda zaidi. Ndiyo maana mtu hujisikia ana nguvu siku ya tano, anaongeza mwendo, halafu siku ya tisa kano ya kisigino au ya mbele ya muundi imevimba na safari imeishia hapo. Panga siku 46: kilomita 18 au 19 kwa siku, na siku nne za kupumzika. Wiki ya kwanza usizidi 17 hata kama mwili unakuambia endelea.

Siku ya kwanza ndiyo nzito kuliko zote. Unaanza kwenye mita 170 hivi juu ya bahari, unapanda hadi 1,430, kisha unateremka Roncesvalles kwenye 950, jumla kama kilomita 25. Ikate mara mbili: lala Orisson, kilomita 8 tu kutoka mwanzo. Vitanda pale ni vichache, weka nafasi mapema sana. Ukifika juu, Lepoeder, usichukue njia ya mkato inayoporomoka msituni. Shika ile ya kulia inayopita Ibañeta. Ni ndefu kidogo ila mteremko wake ni mpole.

Soli_Imara
Niongezee kuhusu goti, maana hapo ndipo wengi hukosea: wanafanya mazoezi ya kupanda wakati kinachowaumiza ni kushuka. Ukishuka, msuli wa mbele wa paja unafanya kazi ya breki huku ukivutika. Ukiwa dhaifu, mzigo wote unaangukia gotini. Simama kwenye ngazi ya kimo cha sentimita 15, shusha kisigino cha mguu mwingine polepole ukihesabu hadi nne, gusa chini, rudi. Mara 10 kila mguu, mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki. Maumivu yakizidi au goti likivimba, punguza kimo cha ngazi. Na kabla ya yote daktari alitazame hilo goti.

Kutembea: ongeza kama sehemu moja ya kumi kila wiki, na kila wiki ya nne punguza. Kufikia Agosti uweze kilomita 18 Jumamosi na 15 Jumapili ukiwa na begi. Siku mbili mfululizo ndizo kipimo cha kweli. Siku moja ndefu haikuambii kitu.

Fimbo mbili, kiwiko kikunje pembe mraba. Kwenye mteremko zirefushe sentimita 5 na uzitangulize mbele ya mguu.

Muuguzi_wa_Zamu
Mama, hili la dawa lisipitwe. Kidonge cha mkojo pamoja na jua na jasho vinakausha mwili haraka, na mtu mzima hasikii kiu kama kijana. Kunywa kwa saa, usisubiri kiu. Halafu dawa za maumivu aina ya ibuprofen: watu njiani huzimeza kila asubuhi. Zikikutana na dawa za presha na upungufu wa maji, figo zinaweza kuumia. Muulize daktari wako sasa utumie nini badala yake, na siku ya joto kali ufanyeje na hicho kidonge. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe.

BiSafari67
Marahaba, asanteni. Na begi? Nikilituma kwa gari, cheti cha hija nitanyimwa?

Fimbo_Mbili
Hunyimwi. Cheti kinataka utembee kwa miguu angalau kilomita 100 za njia ya hija na umalizie Santiago, na pasipoti yako ya hujaji, kile kijitabu cha kugongewa mihuri njiani, iwe na mihuri miwili kwa siku. Begi lipitie wapi si hoja. Ila hosteli nyingi za umma hazipokei mabegi yaliyotangulizwa, kwa hiyo siku hizo lala za binafsi, na uombe kitanda cha chini. Dawa, pasipoti zote mbili na maji ubaki navyo mwilini.

Ukilibeba mwenyewe, kilo 11 ni nyingi mno. Lenga 6, maji mbali. Nguo seti mbili: moja umevaa, nyingine imefuliwa.

Mguu_Mkavu
Viatu: nunua vikubwa kwa nusu namba hadi namba moja, ujaribu jioni miguu ikiwa imevimba. Buti nzito za ngozi sizishauri kwa njia hii; zinakauka polepole, na unyevu ukiungana na msuguano ndiyo malengelenge. Soksi za sufu. Ukihisi sehemu inachoma, simama dakika ileile uibandike plasta. Ukisema "nitafika kijijini kwanza" umechelewa.

Soli_Imara
Miteremko ya kuandika kwenye daftari: kuingia Zubiri, mawe yanateleza mvua ikinyesha, baada ya Alto del Perdón, kokoto zinazoviringika, na mbaya kuliko yote, kutoka Cruz de Ferro hadi Molinaseca, karibu mita 900 za kushuka. Lala El Acebo katikati. Na ukitoka Carrión de los Condes beba lita mbili, kilomita 17 mbele hakuna kijiji.