Nyimbo za hisani za miaka ya 80: zilistahili namba moja?

MLETA MADA
Wakuu, kila zikitajwa singo zilizotikisa miaka ya 80, hizi mbili hazikosekani: "Do They Know It's Christmas?" ya Band Aid, mkusanyiko wa wanamuziki wa Uingereza na Ireland (1984), iliyokaa namba moja Uingereza wiki 5, na "We Are the World" ya USA for Africa, mkusanyiko wa wanamuziki wa Marekani (1985), wiki 4 kileleni Marekani. Mimi nasema tuziondoe tunapohesabu nyimbo bora za muongo ule. Watu walikuwa wameiona njaa ya Ethiopia kwenye taarifa ya BBC ya Oktoba 1984, wakatoa mchango. Santuri ilikuwa risiti tu.

Ushahidi ninao. Desemba ile ile Wham! walitoa "Last Christmas", ikakwama namba mbili chini ya Band Aid. George Michael, mwimbaji wa Wham!, yumo kwenye nyimbo zote mbili, na mapato ya wimbo wake aliyaelekeza Ethiopia. Januari 2021 "Last Christmas" ikafika namba moja bila njaa wala kampeni. Sasa niambieni, upi ulipendwa kama wimbo? Hoja ijibiwe kwa hoja.

MZEE WA SANTURI
Mkuu, chati haijawahi kumuuliza mtu kwa nini kanunua. Wangapi walinunua santuri kwa sababu ya sura ya mwimbaji kwenye kava? Nao tuwafute? Band Aid iliuza nakala zaidi ya milioni 3 Uingereza, rekodi iliyodumu mpaka Elton John alipoivunja mwaka 1997. Halafu hiyo namba moja ya 2021 ni ya kusikiliza mtandaoni. Mwaka 1984 pauni ilikutoka mfukoni. Usilinganishe.

BINTI WA BARA
Nyie bishaneni namba, mimi shida yangu ni maneno. Wimbo wa Band Aid unauliza kama Waafrika wanajua kuwa ni Krismasi. Waethiopia! Watu wenye kanisa tangu karne ya 4, na Krismasi yao, Genna, wanaisherehekea Januari 7. Unasema hakuna mto unaotiririka, wakati Nile ya Buluu inatoka Ziwa Tana, hapo hapo Ethiopia. Unasema Afrika haitakuwa na theluji Krismasi hiyo. Aje Moshi asubuhi yenye anga safi, atazame juu. Na ule mstari wa Bono, mwimbaji wa U2, kwamba msikilizaji amshukuru Mungu kuwa walio na njaa ni wao na si yeye, mpaka leo unanikera.

Tena vita vya serikali ya Mengistu, mtawala wa Ethiopia wakati ule, kule Tigray na Eritrea vilikuwa na mkono mkubwa katika njaa ile. Kwenye wimbo humsikii mtu wala bunduki, ni ukame tu. Namba moja sawa, ila tusiuite wimbo mzuri.

MPITA NJIA
Nakazia. Ila "We Are the World" nayo ina kituko kinachotuhusu. Usiku wa Januari 28, 1985, studio za A&M pale Hollywood, Stevie Wonder akapendekeza waimbe maneno ya Kiswahili. Waylon Jennings, mwimbaji wa kantri, akaondoka zake. Bob Geldof, mwanzilishi wa Band Aid, aliyekuwepo, akawaambia Waethiopia hawasemi Kiswahili. Kwa hiyo tulinyimwa nafasi kwenye namba moja ya Marekani, tena kwa sababu ya haki kabisa. Nacheka mpaka leo.

MLETA MADA
Mzee, sikatai hesabu, nakataa tafsiri yake. Na sina ugomvi na hisani. "That's What Friends Are For" ya Dionne Warwick na wenzake ilichangia utafiti wa UKIMWI, ikashika namba moja Marekani mwaka 1986 kwa wiki 4. Ile ni nyimbo! Iliandikwa kabla ya kampeni, Rod Stewart alishaiimba 1982. Ukimwekea mtu asiyejua habari ya UKIMWI, atatulia asikilize mpaka mwisho. Mwekee Band Aid asiyejua habari ya njaa, uone atavumilia ubeti wa ngapi.

MZEE WA SANTURI
Atavumilia. Siku hizi Band Aid ile ya 1984 hurudi chatini Uingereza Desemba, na hakuna anayewaza mchango anapoibofya. Kwa kipimo chako mwenyewe, hiyo si kupendwa? Na "We Are the World" iliingiza zaidi ya dola milioni 60. Nitajie singo nyingine ya miaka ile iliyopeleka chakula na dawa kwa kiwango hicho.

MLETA MADA
Hurudi, ndiyo, lakini Wham! wako juu yake. Na dola milioni 60 ni za kusifiwa kwenye mada ya misaada. Hapa tunajadili muziki. Binti wa Bara, ule mstari wa Bono hata mimi siutetei.

BINTI WA BARA
Usiutetee. Ila basi tuambie, kwenye orodha yako namba moja ya Desemba 1984 unampa nani, Wham!?