Natakiwa kukimbia kilomita 21 Februari, nianzeje? Naombeni ratiba wakuu

Fundi Ramani:
Habari za jioni wakuu. Ni mwanaume wa miaka 46, niko Dar, kazi yangu ya ofisini na saiti kidogo. Kazini tumeunda timu ya kwenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon mwishoni mwa Februari. Nimeandikishwa kilomita 21 na nimeshalipia, jezi zimeshachapwa majina. Sasa hivi nakimbia Mwenge hadi Makumbusho na kurudi, mara tatu kwa wiki, ila nikifika nyumbani nakuwa hoi kuliko inavyotakiwa. Sigara niliacha, chumvi ya mezani nimeiondoa. Naomba ratiba ya wiki 14 na nile nini asubuhi. Silali vizuri kwa mawazo, tafadhali msinitanie.

Kiatu Imara:
Mkuu, kabla ya ratiba, kiatu. Wengi wanabeba cha mtumba pale Karume kwa sababu kinang'aa juu. Kigeuze, bonyeza soli kwa kidole gumba upande wa kisigino. Kama haibonyei, kimeshakufa, kitakupeleka kwenye goti. Unavaa namba ngapi?

Fundi Ramani:
42. Asante, ila ratiba kwanza.

Mama Chanika:
Kaka yangu, kwangu mimi ndiye mwenye presha na mume wangu hana ugonjwa wowote. Mimi natembea kila alfajiri hadi barabara ya lami na kurudi. Yeye anasema mazoezi ni ya wagonjwa. Juzi nimempikia mchicha wa karanga bila chumvi nyingi, akanyanyuka akaenda kununua chipsi mayai, akazila sebuleni mbele yangu. Nimeumia sana. Mtu mzima asingoje kulazwa ndipo aanze kujitunza. Na pombe acheni, mrudieni Mungu.

Babu wa Kurasini:
Mama Chanika, huyo mzee tuletee huku kwenye jogging ya Jumapili. Kitambi chake tutakikabidhi bandarini.

Nesi wa Zamu:
Fundi Ramani, nina maswali mawili. Huo uhoi ni miguu kuchoka, au kifua kinabana na pumzi inakatika? Na sigara uliacha lini, kwa sababu gani?

Fundi Ramani:
Niliacha Juni. Niliumwa kidogo.

Nesi wa Zamu:
Kidogo namna gani, kaka?

Fundi Ramani:
Sikutaka kuliweka humu kwa sababu najua uzi utageuka. Juni nilipata shambulio la moyo. Nilizibuliwa mshipa mmoja, nikawekewa stenti ya kuushikilia usizibe tena. Nilikaa siku nne, nikatoka kwa miguu yangu. Tangu hapo nimepungua kilo 9, presha wiki iliyopita ilikuwa 124 kwa 78. Nimebadilika kuliko watu wengi wazima ninaowajua. Kifua hakibani, ni pumzi tu kwenye mlima. Kwa hiyo mimi naona niko sawa, ninachoomba ni ratiba.

Nesi wa Zamu:
Hongera kwa hizo kilo 9, si mchezo. Vidonge unameza vyote?

Fundi Ramani:
Karibu vyote.

Nesi wa Zamu:
Kipi humezi?

Fundi Ramani:
Klopidogreli, ile ya kuzuia damu isigande. Niliacha wiki tatu zilizopita. Fizi zilikuwa zinatoa damu kila nikipiga mswaki, na mkono ukigonga meza tu unaweka baka jeusi. Ofisini waliniuliza mara mbili. Aspirini naendelea nayo, ya lehemu naendelea nayo. Badala ya hicho kimoja nasaga kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, nakunywa kikombe kila asubuhi. Sijakurupuka, nimesoma sana. Na kazini hawajui chochote. Niliomba likizo ya dharura nikasema ni msiba. Mkataba wangu unaisha Machi, nikijitoa kwenye timu ambayo mimi ndiye nahodha wake wataanza kuuliza.

Jicho Kavu:
Hii ni chai. Nimepitia nyuzi zako. Juni hiyo hiyo unayosema ulikuwa umelazwa, ulifungua uzi wa bei ya bati geji 28, na ukajibu watu mpaka saa nane usiku. Mgonjwa wa moyo anajadili bati? Stenti, siku nne, miezi mitano baadaye anakimbia. Wakuu msipoteze muda, kesho ataleta namba ya kuuza dawa ya kitunguu saumu.

Babu wa Kurasini:
Kweli, hata mimi nilishtuka. Mdogo wangu alifanyiwa upasuaji wa moyo, kifua kilipasuliwa, ana mshono mpaka leo. Miezi mitano baadaye alikuwa hawezi kubeba ndoo.

Mama Chanika:
Hata kama ni chai, mwingine anayesoma ana tatizo hilo hilo. Tumjibu.

Fundi Ramani:
Jicho Kavu, ule uzi wa bati niliuandika kitandani kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa. Hawakupasua kifua, walipita kwenye mshipa wa hapa kwenye kifundo cha mkono, nikiwa macho, naona moyo wangu kwenye skrini. Wakimaliza wanakufunga mkanda wa plastiki wenye hewa, unabana mpaka vidole vinavimba, halafu nesi anakuja na bomba la sindano lisilo na sindano, anatoa hewa kidogo, anaangalia kama damu inachuruzika, anaondoka, anarudi. Nilikuwa nahesabu anavyorudi. Usiku ule niliogopa kulala, nikadhani nikifumba macho siamki. Ndiyo maana nilikuwa najadili bati na watu nisiowajua saa nane za usiku. Kadi ya stenti ninayo kwenye pochi, imeandikwa kipimo chake, milimita 3.0 kwa 24. Siuzi kitu.

Jicho Kavu:
Mkuu, nisamehe. Baba yangu mdogo alifungwa mkanda huo huo.

Nesi wa Zamu:
Mimi nilikuamini tangu "karibu vyote". Nisikilize sasa. Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma, na damu ikikutana na chuma kipya inataka kuganda. Vile vidonge viwili, aspirini na hicho ulichoacha, vinafanya kazi pamoja kuizuia, mpaka ngozi ya ndani ya mshipa iote na kuufunika ule wavu. Baada ya shambulio kama lako kawaida ni mwaka mzima. Wewe una miezi mitano. Ikiganda mle ndani, mshipa unaziba ghafla, na hapo presha ya 124 haikusaidii kitu. Kitunguu saumu ni chakula kizuri, hakifanyi kazi ya kidonge hicho, tena kwa wingi kinaweza kuongeza kutokwa damu. Fizi kutoa damu ni jambo la kumwambia daktari, naye ana njia zake: atakupima, ataangalia kama kuna dawa nyingine ya kubadilisha. Usianze tena kwa kubahatisha. Piga simu kliniki yako leo, wao ndio wakuambie uanze na vingapi.

Mazoezi ni sehemu ya tiba yako, sikukatazi. Lengo la watu wazima ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani. Kipimo chake ni mdomo: uweze kuongea sentensi nzima lakini ushindwe kuimba. Kama una dawa ya kupunguza mapigo, saa ya mkononi itakudanganya, usiifuate. Ila ile 21 ya Moshi inapanda kuelekea Mweka. Usiikaribie kabla hawajakupima ukitembea kwenye mashine wakiangalia moyo wako. Ipo ya kilomita 5 siku hiyo hiyo.

Msomaji wa Pugu:
Naongezea. Kuna utafiti mkubwa unaitwa PURE, ulitoka 2013, nchi 17, Afrika walikuwemo Afrika Kusini na Zimbabwe. Kati ya watu 7,519 waliokwishapata ugonjwa wa moyo au kiharusi, waliokuwa na mambo matatu kwa pamoja, yaani hawavuti, wanafanya mazoezi ya kutosha na wanakula vizuri, walikuwa asilimia 4.3 tu. Asilimia 18.5 walikuwa bado wanavuta. Fundi Ramani, wewe una yote matatu. Inauma kuona mtu aliyefika hapo anaangushwa na kidonge kimoja.

Babu wa Kurasini:
Na huo mkataba? Bosi akijua?

Fundi Ramani:
Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko Mweka. Nimekaa hapa nimehesabu. Boksi la vidonge lilitakiwa liwe tupu, vimebaki 23. Mke wangu ndiye huninunulia, anadhani nameza. Anatembea na mimi kila jioni, ameacha hata soda kwa ajili yangu, na yeye hana ugonjwa wowote.

Mama Chanika:
Mwambie leo, kaka. Wa ofisini watasubiri.

Fundi Ramani:
Nimepiga kliniki. Wamesema niende kesho saa moja asubuhi na vidonge vyote kwenye mfuko pamoja na kadi, na nisikimbie hata hatua. Maumivu yoyote ya kifua usiku huu, nisisubiri kukuche. Kuhusu timu sijaamua. Labda nitasema ni goti, niombe kwenda ya 5.

Nesi wa Zamu:
Ukitoka huko andika hapa walichokwambia.

Kiatu Imara:
Mkuu, 42 nimekuwekea pembeni. Nimekibonyeza kisigino, bado kizima, na cha kutembelea ni hicho hicho.