Mchungaji kasimamishwa kwa tuhuma: wazee wa kanisa, tupeane uzoefu wa wiki za kwanza

Mzee wa Zamu
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Uzi huu ni wa wazee wa kanisa, makatibu, wahasibu na akina mama waliobaki na usharika mikononi baada ya mchungaji kutuhumiwa kuwadhalilisha waumini wake kingono. Nani kafanya nini tusilete, majina tuyaache. Leteni kinachofanyika.

Naanza na barua. Barua ya kumsimamisha huandikwa na ngazi iliyompangia kituo, yaani dayosisi, jimbo au makao makuu. Baraza la wazee likiiandika lenyewe, wakili wake ataivunja kwa hoja moja tu: hamkuwa na mamlaka. Kazi ya baraza ni kupeleka malalamiko juu kwa maandishi, nakala mbili, na kurudi na moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri ule, baada ya miezi mitatu mtaambiwa hakuna kilichofika. Na isemwe "amesimamishwa kupisha uchunguzi", si "yuko likizo". Wa likizo anarudi.

Nesi Mstaafu
Kabla ya barua kuna mtu, mzee wangu. Kama ni ubakaji na saa 72 hazijapita, hospitali kwanza, kikao baadaye. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya muda huo, na kila saa ina thamani. Asioge. Nguo ziwekwe kwenye bahasha ya kaki. Mfuko wa nailoni unashika unyevu, nguo zinavunda na ushahidi unaharibika. PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ipo polisi, ulizieni Dawati la Jinsia na Watoto.

Akiwa mtoto, pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, kisha acheni kumhoji. Kila mzee anayemuuliza upya anamtia maneno mapya mdomoni, na mahakamani utetezi utazisoma tofauti hizo moja baada ya nyingine.

Mhasibu wa Jumapili
Pesa. Wengi hukimbilia benki kubadilisha watia saini, wanasahau Lipa Namba, ile ya kupokelea sadaka kwa simu. Angalieni laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha nani. Ikiwa ni cha mchungaji, kubadilisha PIN ni kazi bure: anaingia dukani, anaweka kidole, anatoka na laini mpya na sadaka zenu. Sitisheni matumizi siku hiyo hiyo, bandikeni namba mpya mlangoni na muitangaze ibadani.

Benki watataka muhtasari wa kikao wenye saini, barua ya wadhamini, picha na vitambulisho vya watia saini wapya. Wakati mnavitafuta, pelekeni barua fupi ya kuzuia malipo.

Kundi la WhatsApp nalo: aliyelianzisha hamuwezi kumtoa. Fungueni jipya, lile liacheni life taratibu. Ila msifute chochote, ni ushahidi.

Katibu Mwandiko
Tangazo la madhabahuni tumieni kama lilivyo, badilisheni tarehe tu:

"Tarehe fulani uongozi ulipokea malalamiko ya mwenendo usiofaa dhidi ya mchungaji. Amesimamishwa kuanzia leo kupisha uchunguzi. Kusimamishwa si hukumu. Mwenye taarifa awasiliane na dada aliyeteuliwa kwa namba iliyopo ubaoni. Asitafutwe wala kutajwa aliyelalamika."

Lisomwe na mtu kutoka ngazi ya juu, ibada zote, maneno yale yale. Akisoma mzee wa kanisa ataongeza yake. "Tumwombee mtumishi, shetani amemjaribu" ni sentensi moja tu, lakini dada aliyekaa benchi la nyuma keshajua mko upande gani.

Mpakwa Mafuta
Lakini Mathayo 18 inasema nenda ukamwonye mkiwa wawili peke yenu. Mbona mnakimbilia barua na polisi?

Mwalimu wa Kipaimara
Mathayo 18 inasema "ndugu yako akikukosa". Binti wa kwaya na mchungaji wake si ndugu wanaolingana. Kumrudisha chumbani peke yake na yule yule ni kumpeleka tena kwa aliyemuumiza. Kwa mzee wa kanisa kuna 1 Timotheo 5:19-20: mashahidi wawili au watatu, na wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote.

Swali mtakaloulizwa sana wiki ya pili: ubatizo alionibatiza unasimama? Unasimama. Wadonatisti, kundi la Wakristo waliojitenga, walilizusha hilo Afrika Kaskazini karne ya 4, Askofu Augustino akawajibu kwamba sakramenti ni ya Kristo, si ya mhudumu. Waanglikana wanayo kwenye kifungu cha 26 cha vile vifungu vyao 39 vya imani. Lisemeni mapema, watu wanalala nalo.

Parokiani
Kwetu Wakatoliki kuna Vos estis lux mundi, amri ya Papa Fransisko ya 2019 kuhusu kuripoti unyanyasaji wa kingono, ikafanyiwa marekebisho 2023. Padre au mtawa akijua, anawajibika kuripoti. Na aliyelalamika haruhusiwi kufungwa mdomo, kwa hiyo akiletewa karatasi ya "kutunza siri" asisaini.

Mzee wa Zamu
Nyongeza kuhusu kumhamisha kimyakimya. John Smyth wa Uingereza, wakili na kiongozi wa kambi za vijana, aliandikwa kwenye ripoti ya ndani 1982 kwa kuwachapa wavulana. Polisi hawakupewa. 1984 akahamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine, wavulana wakapigwa tena. Alikufa 2018 bila kuhukumiwa. Ripoti ya Makin, uchunguzi wa Kanisa la Uingereza juu ya suala hilo, ilitoka Novemba 2024 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Welby, akatangaza kujiuzulu mwezi ule ule. Dayosisi ikiwaomba barua ya utambulisho ya mchungaji anayehama, andikeni kwamba uchunguzi haujaisha.

Mama Faraja
Jamani, mama mchungaji na watoto wamo kwenye nyumba ya kanisa, msiwatoe wiki ile. Wapeni tarehe kwa maandishi.

Ushauri nasaha nao aliyeumia achague mshauri mwenyewe, asiwe yule yule anayemshauri mchungaji. Ibada ya upatanisho isipangwe kabla uchunguzi haujaisha. Aliyeumia akisema hataki kuhudhuria, isifanyike kwa jina lake.

Mhasibu wa Jumapili
Na risiti za mshauri, mama, ziandikwe namba badala ya jina. Kitabu cha fedha hupita mikono mingi siku ya ukaguzi.