Lori jipya la rimoti, giaboksi kavu, halafu lawama napewa mimi!

Wakuu, leo nimechukia, mnivumilie.

Lori langu la rimoti, saizi ya 1/10 ya lori halisi, linavuta magurudumu yote manne, halijamaliza hata betri kumi. Jana likaanza kulia krrr krrr. Navuta triga, mota inazunguka vizuri kabisa, magurudumu ya nyuma yanasitasita. Nikajua difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia, imekwenda na maji.

Nikafungua giaboksi. Grisi niliyoikuta ni kiasi cha punje ya harage, imebandikwa upande mmoja wa krauni (gia kubwa inayozungusha difu), kwingine kote kukavu. Meno ya pinioni, gia ndogo inayoisukuma krauni, yamebaki membamba kama wembe. Hako kagrisi nikakasugua kati ya vidole, kanakwaruza! Kamejaa unga wa chuma unaometameta. Yaani meno yamelika, na unga wake ukageuka msasa wa kumalizia yaliyobaki.

Na boksi limeandikwa eti liko tayari kukimbia. Kukimbilia wapi, jalalani?

Muuzaji kanijibu kwamba nimelirusha vibaya. Sikatai, lori likitua huku magurudumu yanazunguka kwa kasi meno yanaweza kukatika, nani hajui. Lakini jino lililopigwa kishindo linakatika moja, mawili, na kipande unakikuta humo humo. Yangu yamelika yote, sawasawa, mzunguko mzima. Isitoshe krauni ilikuwa inacheza kushoto kulia hadi naiona kwa macho. Ringi moja ya chuma (washa), nyembamba kama karatasi, ingeisogeza ikaumana vizuri na pinioni. Wameshindwa hata hiyo?

Sasa kilichonimaliza ni mhudumu wao: eti nimiminie krauni oili ya silikoni. Jamani! Oili ile inakaa ndani ya kikombe cha difu, kazi yake kuzibana zile gia ndogo zisiachie nguvu yote iende kwenye gurudumu lililo hewani. Ndiyo maana inauzwa kwa namba za uzito wake, yaani ilivyo nzito kutiririka: 10,000, 30,000 na kuendelea. Ukiimwagia krauni inarushwa yote ukutani, chuma kinabaki kinasagana na chuma. Pale panataka grisi nzito inayonata. Mtu anayeuza malori haya hajui hilo?

(Na asije mtu akaniambia nipake grisi hadi gia kubwa ya plastiki iliyo nje, pale kwenye mota. Ile iko wazi, ukiipaka inakusanya mchanga na kujitafuna yenyewe.)

Ninachoomba: mwenye lori jipya ambalo bado hajaliwasha, afungue giaboksi, ya mbele na ya nyuma, apige picha aweke hapa. Nataka kuona kama ni langu tu au tumepigwa wengi. Grisi nitanunua mwenyewe, sina shida nayo. Krauni na pinioni watanilipa.