Tupeane uzoefu: mliokuwa mnaogopa kupanda ndege, mlifanyaje?

Mtoa mada
Habari zenu ndugu zangu. Wiki tatu zijazo natakiwa kukaa angani kwa muda wa saa 5 kwenda kwenye mahafali ya mwanangu. Mara ya mwisho kupanda ndege ni miaka 11 iliyopita. Siku ile hali ya hewa ilichafuka, vikombe vikamwagika, nikaung'ang'ania mkono wa abiria nisiyemjua mpaka tulipotua. Tangu hapo nimekosa harusi mbili na msiba mmoja. Msiba ule unaniuma mpaka leo.

Naomba msiniambie kwamba ndege ni salama kuliko gari. Nalijua hilo, na moyo unaenda mbio vilevile. Niambieni mlifanya nini mkiwa kitini, mlango umeshafungwa.

Mama Mapacha
Pole sana dada. Mimi nilikuwa naumizwa na sauti. Kila mlio niliuhesabu kuwa ndio mwisho wetu. Siku moja nikakaa jirani na rubani aliyekuwa anasafiri kama abiria, akaona ninavyotetemeka, akaanza kunieleza kila kitu kabla hakijatokea. "Sasa utasikia kishindo chini, ni magurudumu yanaingia ndani." Kweli, kishindo. "Sasa injini zitapunguza nguvu, utahisi kama tunashuka, lakini bado tunapanda." Hapo ndipo nilipokuwa nikifa kila safari! Kumbe kwenye kupaa injini hupewa nguvu nyingi, zikishapunguzwa kidogo sikio la ndani linadanganyika, linadhani tunaanguka.

Aliniambia pia kuhusu zile Airbus A320: kabla ya kuondoka unaweza kusikia chini ya sakafu sauti kama mtu anakata mbao kwa msumeno. Ni kifaa kinachosawazisha nguvu ya haidroliki, yaani msukumo wa kimiminika kwenye mabomba ya ndege. Niliwahi kutaka kushuka kwa ajili ya sauti hiyo. Sasa nikiisikia namwambia mume wangu, "Hiyo hapo." Hofu bado ninayo, ila haina tena mahali pengi pa kushika.

Fundi wa Ndege
Natengeneza ndege, na nimewahi kuogopa kuzipanda, kwa hiyo sikucheki. Mtoa mada, ukikaa dirishani utaona bawa linapanda na kushuka. Limetengenezwa lipinde. Kabla ndege haijaruhusiwa kubeba watu, muundo wake lazima uhimili mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa kuupata katika kazi. Mwaka 2010 kampuni ya Boeing walipolijaribu bawa la ndege yao ya 787 walilivuta juu kama mita 7.6, nalo likahimili. Ukikumbuka picha hiyo, mtikisiko wa kumwaga chai utauona kwa jicho jingine.

Funga mkanda muda wote hata taa ya mkanda ikizimwa. Wengi wanaoumia kwenye misukosuko ni ambao hawakufunga. Chagua kiti karibu na mabawa, kwa sababu mkiani ndiko kunakorushwa zaidi. Ukiweza, safiri asubuhi, jua halijaichemsha ardhi na hewa haijaanza kuchemka nayo.

Na kama hofu yako ni injini kuzimika: Agosti 2001 Airbus A330 iliishiwa mafuta juu ya Atlantiki. Ilielea kama dakika 19 bila injini hata moja, ikatua visiwa vya Azores. Watu wote 306 walitoka hai.

Mkaa Korido
Fundi, nashukuru kwa ya bawa, lakini hiyo ya mwisho kwangu ingeharibu kila kitu. Usiku wa kuamkia safari ningeiota.

Mimi siogopi kuanguka, naogopa kufungiwa. Mlango ukifungwa nahisi hewa imekwisha. Kilichonisaidia ni kuacha kupigana. Zamani nilikuwa nakaza mwili mzima, nabana viti, nazuia pumzi, na hofu inazidi. Mtaalamu wa saikolojia alinifundisha niiache ije. Navuta pumzi kwa hesabu ya 4, natoa kwa hesabu ya 6, polepole, huku nikiangalia saa. Kilele cha hofu kwa kawaida hufika ndani ya dakika 10 hivi, kisha kinaanza kushuka chenyewe. Mara ya kwanza sikuamini. Dakika ya 12 nilikuwa naomba maji.

Mwambie mhudumu ukiingia tu kwamba unaogopa. Mimi niliona aibu miaka mingi, na nilipokuja kusema, yule dada alipita kila baada ya muda kuniangalia.

Msafiri wa Lazima
Langu ni fupi. Nilipewa na daktari dawa ya kutuliza, nikalala, nikafika. Safari iliyofuata bila dawa hofu ilikuwa kubwa kuliko mwanzo, maana sikuwa nimejifunza chochote. Sisemi mtu asitumie, daktari ndiye anayejua hali yako. Ila usiichanganye na pombe kabisa, ni hatari kwa upumuaji.

Mtoa mada
Nimefika. Naandika kutoka kitandani, mwanangu amelala chumba cha pili.

Nilimwambia mhudumu mlangoni. Injini zilipopunguza nguvu nikasema kwa sauti, "Bado tunapanda," na mzee wa jirani akaitikia, "Ndiyo, mama." Saa ya tatu tukatikiswa sana. Mikono ilitoka jasho, nikaangalia saa, nikahesabu 4 na 6. Nililia kidogo dakika ya 7. Dakika ya 15 nikafungua kifuniko cha dirisha na kulitazama bawa likipinda, juu, chini, juu.

Mkaa Korido, nilikutana na hofu kama ulivyosema, nikaiacha ikae. Kesho kutwa narudi. Nimeomba tena kiti cha pale pale, dirishani.